Kindi Mwekundu ni Yule Asiyezidi Gramu Mia Tatu na Hamsini

Halmashauri ya Wilaya ya Uldersyke inapenda kuutangazia umma kwamba, kuanzia tarehe mosi Juni, rangi ya kindi itatambuliwa kwa uzito wake. Kindi asiyezidi gramu mia tatu na hamsini atakuwa mwekundu. Kindi atakayezidi hapo atakuwa wa kijivu. Wananchi wanaombwa kutotegemea macho yao.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mbao zote za matangazo za wilaya. Katika kijiji cha Harrowthwaite lilibandikwa juu ya tangazo la paka aliyepotea, na Halmashauri ikapokea malalamiko matatu ya maandishi, yote yakimhusu paka.

Bi Maureen Nattrass alilisoma mara mbili, mwavuli ukiwa kwapani, kisha akaenda zake nyumbani kuchemsha chai. Hakushangaa, kwa sababu alikuwamo kikaoni siku kanuni hiyo ilipozaliwa. Alikuwa amealikwa kama mdau. Mdau, kwa mujibu wa Mwongozo wa Halmashauri, ni mtu anayelijua jambo na kwa hiyo hapigi kura.

Jambo lenyewe alilijua vizuri kupita kiasi. Kwa miaka ishirini alikuwa akiweka njugu katika masanduku ya kulishia kwenye msitu wa misonobari ulio nyuma ya nyumba yake, na kwa miaka hiyo ishirini alikuwa akiwaona kindi wekundu, wenyeji wa nchi ile tangu enzi za barafu, wakipungua kama sabuni ya wageni. Waliokuwa wakiongezeka ni wale wa kijivu, walioletwa kutoka Amerika na mabwana wa zamani waliodhani bustani zao zimepooza. Wahenga wetu walishauri kwamba mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu hakupewa jembe, alipewa msitu. Alikuwa na mwili mara mbili ya mwenyeji, alikula njugu kabla hazijaiva, na alibeba ndui ambayo yeye mwenyewe haikumdhuru hata kidogo.

Katika kikao kile, Bwana Clive Threlkeld, Afisa Mwandamizi wa Utambuzi wa Wanyama Wadogo, alikuwa ameeleza kwa utulivu kwamba tatizo la rangi ni ukosefu wake wa takwimu.

"Mwanangu, mwekundu ni mwekundu," Bi Maureen alisema. "Ana masikio yenye vishungi kama brashi ya kupakia rangi."

"Hiyo ni hisia, Bi Maureen."

"Siyo hisia, ni masikio."

Clive alieleza kwamba wakati wa baridi baadhi ya wekundu hupauka, na wa kijivu baadhi yao huwa na wekundu mbavuni, kwa hiyo mtumishi wa umma anaweza kukosea, na mtumishi wa umma hapaswi kuwekwa mahali anapoweza kukosea. Ili kuthibitisha, aliwaonyesha madiwani picha. Wanne walisema ni kindi mwekundu, wanne wakasema ni wa kijivu. Baadaye ilibainika kuwa picha ile ilikuwa ya kofia ya manyoya, lakini kura zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa.

Ndipo Mwenyekiti, Mheshimiwa Roderick Mounsey, alipoinuka. Kuinuka kwa Mheshimiwa Mounsey lilikuwa tukio lenye hatua kadhaa, na kikao kilisubiri zote zikamilike.

"Waheshimiwa," alisema, "hapa Uldersyke tumekuwa tukiwapima wenyeviti wetu kwenye mizani, hadharani, sokoni, kila mwezi wa Mei, kwa miaka mia tatu. Nauliza: kuna mwenyekiti hata mmoja aliyewahi kudhaniwa kuwa ni mwenzake?"

Hakukuwa na hata mmoja. Wilaya nyingine zingeweza kuona mwanya katika hoja hiyo, lakini wilaya nyingine haziwapimi wenyeviti wao. Kanuni ikapita.

Utekelezaji ulihitaji wapimaji. Wananchi kumi na wawili wa kujitolea walihudhuria mafunzo ya siku mbili, wakapewa vizibao vya njano vinavyong'aa na sandwichi za mayai, kisha wakatahiniwa. Kumi na mmoja walianguka kwenye sehemu ya kujaza Fomu ya 9B, ambayo ilipaswa kujazwa kabla ya kupokelewa. Aliyefaulu ni Bi Maureen peke yake. Alikuwa amekaa miaka arobaini na mmoja nyuma ya kaunta ya posta akipima vifurushi, na hakuna fomu duniani iliyoweza kumtisha. Hivyo akawa Mpima Kindi Aliyeidhinishwa, wa kwanza na wa pekee katika wilaya nzima, na cheti chake kikagongwa mhuri kwa nguvu hata meza ya Clive ikabaki na alama.

Matokeo ya mwezi wa kwanza yalizidi matarajio. Wakati huo wa mwaka vijana wa kindi wa kijivu, waliotimuliwa na wazazi wao, walikuwa wakizurura msituni wakiwa wembamba kama penseli. Walipanda mmoja mmoja kwenye kibao cha mizani cha sanduku la kulishia. Mizani ilisoma mia tatu na kumi, mia tatu na ishirini na mbili, mia mbili tisini na tisa. Kifuniko, kilichoundwa kisimfungukie yeyote anayezidi mia tatu na hamsini, kikafunguka. Wakala. Idadi ya kindi wekundu wa Uldersyke ikapanda kutoka kumi na moja hadi mia moja na arobaini na sita, na mshale wa Clive kwenye chati ukapanda hata ukahitaji karatasi ya pili kwa juu.

Halmashauri ilijipongeza kwa keki ya karoti. Bi Maureen, aliyealikwa tena kama mdau, alipewa kipande.

"Clive," alisema, "hao mia moja na thelathini na tano ni wa kijivu. Nimewaona kwa macho yangu."

"Tangazo limeliongelea suala la macho, Bi Maureen."

Mashaka yenyewe yalianza Jumatatu moja ya mwezi wa Julai, saa tatu asubuhi. Bi Maureen na jirani yake, Doreen Bewsher, walikuwa wamekaa dirishani. Nje, kwenye sanduku la kulishia, alikuwapo Agatha.

Agatha alikuwa kindi mwekundu wa kike. Rangi yake ilikuwa ya kutu mpya, vishungi vyake vilisimama wima, na kwa kadiri Bi Maureen alivyojua, halikuwa limebaki jike jingine la aina yake katika msitu ule. Alipanda kwenye kibao. Kifuniko hakikufunguka. Akakigonga kwa mkono. Akakaa, akakitazama, kama mtu aliyefika dirishani ofisi ikiwa imekwenda kula.

"Shoga," Doreen alisema, "huyu mbona kafura hivi? Umemlisha nini, mikate ya siagi?"

"Hajafura. Ana mimba, we Doreen."

"Ya nani?"

"Sasa mimi nilikuwapo?"

Bi Maureen alitoka na mizani yake ya posta, ya shaba, aliyoinunua siku posta ya kijiji ilipofungwa. Agatha alimjua. Alipanda kwenye sahani bila kubembelezwa, akapokea njugu moja, akaipasua. Bi Maureen aliinama akasoma. Alisoma tena. Kisha akasimama kwa muda akiitazama milima, ambayo haikuwa na ushauri.

Gramu mia tatu sabini na moja.

"Usiandike," Doreen alinong'ona.

"Nimeshaona."

"Umeona wewe, fomu haijaona. Andika mia tatu arobaini. Nani atajua?"

"Mimi," Bi Maureen alisema. Katika miaka arobaini na mmoja alikuwa amewarudishia watu vifurushi kwa gramu mbili, akiwamo dada yake mwenyewe, mwaka ambao hawakusalimiana Krismasi. Akachukua kalamu ya wino mweusi, akaandika 371. Chini yake, katika nafasi ya Rangi, akaandika neno ambalo kanuni ilimtaka aandike, kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango.

Sheria ya nchi haimruhusu kindi wa kijivu aliyenaswa kuachiliwa tena. Anayeingia mtegoni kama wa kijivu hatoki. Siku mbili baadaye barua ilifika: Amri ya Kumwondoa Kindi Mgeni, jina Agatha, itawekwa sahihi na Mwenyekiti katika kikao cha Alhamisi ya wiki iliyofuata, na mtego utawekwa mchana huohuo.

Bi Maureen alipanda basi hadi makao makuu ya Halmashauri.

"Nina rufaa," alimwambia Clive.

Clive alifurahi. Rufaa ilikuwapo, na hakuna aliyewahi kuitumia. Bado ilikuwa ndani ya nailoni yake. Mlalamikaji alitakiwa kuambatanisha picha mbili za kindi, zilizopigwa kwa kumkabili uso, bila kofia wala tabasamu, moja ikiwa imethibitishwa kwa nyuma na mtu mwenye hadhi katika jamii aliyemfahamu kindi huyo kwa muda usiopungua miaka miwili.

"Agatha mwenyewe ana miaka miwili na mwezi, Clive."

"Basi awe ni mtu aliyemfahamu tangu utotoni."

Picha zilipatikana, ingawa kindi ana macho ubavuni na suala la kukabili uso lilichukua asubuhi nzima. Mtu mwenye hadhi alikuwa Kasisi Lionel Relph, ambaye aliandika nyuma ya picha kwa mwandiko wake wa ubatizo: *Nathibitisha kwamba hii ni sura halisi ya Agatha.* Rufaa ilirudi Jumatatu, na Bi Maureen akarudi ofisini kwa Clive. Ilibainika kwamba Kasisi, ambaye kwa wito wake hawezi kusema uongo, alimfahamu Agatha kwa miezi kumi na tisa.

"Kuna huduma ya ushauri wa lishe," Clive alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wawili na aliwapenda, kila mmoja kwa wakati wake. "Akipunguza gramu ishirini na moja tu, mambo yanakwisha."

"Ana mimba, baba! Atapunguza nini, mtoto?"

"Fomu haina mahali pa mimba."

"Si uweke mahali!"

"Kuweka mahali kunahitaji kikao."

"Kikao kiko Alhamisi."

"Ajenda hufungwa Jumatatu, Bi Maureen. Leo," akatazama saa, "dakika saba zilizopita."

Bi Maureen alikuwa bado anatafuta jibu linalofaa kusemwa na mwanamke aliyebatizwa, pale dari ya ofisi ilipokohoa. Kipande cha lipu chenye ukubwa wa sahani kilidondoka, kikatua juu ya karatasi ya pili ya chati. Juu, kitu kilikimbia kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kikifuatwa na kingine, kisha na vingine ambavyo vilionekana kuwa na haraka ya aina moja.

Mlango ukafunguka. Mheshimiwa Mounsey alisimama hapo, kikombe mkononi. Ndani ya kikombe mlikuwa na lipu.

"Threlkeld," alisema, "nani yuko juu ya Ukumbi wangu?"

Walikuwa kindi. Walikuwa wameingia kupitia tundu la bomba, wakajenga viota vitano juu ya Ukumbi wa Mikutano kwa kutumia kumbukumbu za vikao vya miaka ya nyuma, na walikuwa wameanza kula nyaya. Mheshimiwa alipanda ngazi ya dari kadiri ngazi ilivyoruhusu, akachungulia, akashuka akiwa mwekundu kuliko wakazi wengi wa takwimu zake.

"Wa kijivu!" alinguruma. "Wa kijivu watupu! Waondolewe leo hii!"

"Mheshimiwa," Clive alisema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga barafu, "hilo umelijuaje?"

"Nimewaona!"

Clive alitazama viatu vyake. Ilibidi Bi Maureen amsaidie.

"Mheshimiwa anaomba wapimwe," alisema.

Alirudi kesho yake, Jumanne, akiwa na kizibao chake cha njano, cheti chake na mizani yake ya shaba. Aliweka mizani juu ya meza ya Mwenyekiti Ukumbini, chini kabisa ya tundu lililoachwa na lipu iliyodondoka, na kwenye sahani akaweka biskuti ya tangawizi. Hakukuwa na haja ya mtego. Kindi wa kijivu wa Uldersyke walikuwa hawajawahi kumwona binadamu asiyewalisha. Walishuka kwa pazia, wakapanga foleni ukingoni mwa meza kwa adabu ambayo wilaya ile hudai ni yake ya asili, na wakapanda mmoja baada ya mwingine.

"Mia tatu thelathini na nane," alisoma Bi Maureen. "Mwekundu."

Mheshimiwa Mounsey alikivuta kiti.

"Mia tatu na kumi na tano. Mwekundu. Mia tatu arobaini na tisa. Mwekundu, ingawa kwa tabu."

"Bi Maureen." Mwenyekiti aliinama, sauti yake ikawa ya siri na ya kirafiki. "Wewe ni mtu mzima. Kidole, mama. Kidole kidogo tu pembeni ya sahani. Gramu thelathini."

"Kidole cha nani?"

"Chako. Nami ile amri ya huyo Agatha wako naichana hapa hapa, mbele yako. Unaonaje?"

Akaitoa mfukoni na kuikunjua. Bi Maureen aliliona jina la Agatha limeandikwa kwa mashine, na mstari mtupu uliosubiri sahihi. Kindi aliyekuwa kwenye sahani alikuwa akila biskuti bila wasiwasi wowote juu ya mustakabali wake. Kidole kimoja tu kilihitajika. Bi Maureen alikitazama kidole chake cha shahada, ambacho kilikuwa na umri wa miaka sabini na kilikuwa kimefunga vifurushi vya kijiji kizima, kisha, huku Clive akitazama pembeni, akakitia mfukoni mwa kizibao.

"Agatha alipimwa kwa mizani hii hii," alisema mwishowe. "Kidole hakikuwapo. Mia tatu ishirini na sita, Mheshimiwa. Mwekundu."

Wote wanane walikuwa wekundu. Bi Maureen aliijaza Fomu ya 9B, akaiweka sahihi, kisha, kwa kuwa kazi yake ilimtaka pia awasomee wahusika haki na wajibu wao, akafungua Mwongozo na kusoma Kanuni ya 17, aliyoitunga Mheshimiwa mwenyewe wakati wa ile keki ya karoti. Kiota cha kindi mwekundu hakitasumbuliwa. Ndani ya mita hamsini kutoka kwenye kiota hapatawashwa taa, hapatapazwa sauti, wala hapatafanyika mkusanyiko wa watu zaidi ya wawili.

"Sisi ni watatu," Clive alisema kwa hofu, akatoka nje.

"Basi Alhamisi tunaifuta kanuni hii!" Mheshimiwa alisema, kisha akakumbuka, akanong'ona, "Tunaifuta!"

"Wapi?" Bi Maureen aliuliza.

Lilikuwa swali zuri. Kwa mujibu wa Hati ya kuanzishwa kwa Halmashauri, iliyokuwa ukutani ndani ya fremu, hakuna kanuni, amri wala sahihi ya Mwenyekiti iliyo halali isipokuwa imetolewa ndani ya Ukumbi, madiwani wasiopungua watano wakiwapo. Mheshimiwa alitazama Hati. Akatazama dari. Akaitazama ile amri mkononi mwake, yenye mstari mtupu, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe akakosa mahali pa kuandika jina lake.

Alhamisi ilipita bila kikao. Ijumaa watumishi wa Halmashauri walihama kwa kunyata, wamebeba viatu mikononi, wakifuatwa na macho manane yaliyochungulia tunduni, jicho moja kwa kila kindi.

Siku kumi na mbili baadaye Agatha alijifungua watoto watatu katika msonobari ulio karibu zaidi na dirisha la Bi Maureen. Alikaa kiotani muda mrefu. Aliposhuka, alipanda kwenye kibao, na kifuniko kikafunguka kwa mlio mdogo ambao Doreen, aliyekuwa na kikombe mdomoni, anaapa kuwa aliusikia kupitia kioo. Gramu mia tatu na kumi na nne. Bi Maureen alijaza fomu kwa wino mweusi. Neno *mwekundu* aliliandika polepole, herufi moja moja, na likachafuka kidogo kwa sababu ya kitu kilichodondoka juu yake. Kwenye chati ya Clive, Agatha aliingizwa kama mhamiaji mpya.

"Sasa umeridhika?" Doreen alisema. "Chai yako imepoa, mama we."

"Iache ipoe."

Kwa upande wake, serikali haikulala. Kamati ya Dharura ilikutana chini ya miavuli katika maegesho ya magari, mita hamsini na moja kutoka kwenye Ukumbi, umbali uliopimwa na Clive kwa kamba. Kamati haikuwa na uwezo wa kufuta lolote, lakini ilikuwa na uwezo wa kuchukua hatua za mpito. Iliazimia kwamba kindi wekundu wa darini walishwe njugu na biskuti mara tatu kwa siku hadi wazidi gramu mia tatu na hamsini, wawe wa kijivu, ndipo waondolewe kwa mujibu wa sheria. Chakula kitapelekwa na Mwenyekiti, kwa kuwa ufunguo wa dari hukabidhiwa yeye tu. Atakwenda peku, bila taa, na bila kuongea.

Mheshimiwa Mounsey alipanda ngazi ile mara tatu kwa siku kwa wiki sita. Watu wa sokoni walizoea kumwona akipita na ndoo, na wakamwachia njia.

"Wamekula, Mheshimiwa?"

"Wamekula."

"Biskuti za tangawizi wanapenda au za chokoleti?"

"Tangawizi," Mheshimiwa alijibu, na kuendelea na safari.

Mwishoni mwa Agosti Bi Maureen aliitwa kupima. Alikuta kindi wa kijivu ishirini na wawili, wale wanane na jamaa zao walioifuata ndoo, wote wakiwa na zaidi ya gramu mia tano, wa kijivu kwa macho na wa kijivu kwa kanuni. Alikuta pia watoto arobaini na mmoja, ambao mzito wao alikuwa na gramu sitini.

Kamati ya Dharura ilikutana mvuani, ikajadili kwa kunong'ona kwa saa nne, na kutoa azimio lifuatalo, ambalo ndilo linalotumika hadi sasa:

*Kwamba watoto arobaini na mmoja watambuliwe kuwa wekundu na walindwe. Kwamba wazazi wao watambuliwe kuwa wa kijivu, lakini wasiondolewe, kwa kuwa wananyonyesha wekundu. Kwamba Mwenyekiti aendelee kuwalisha wote, na apewe ndoo kubwa zaidi.*